Taa ya kukuzia maua ya ndani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Anayetaka jibu kabla ya maelezo ni hili: nunua balbu nyeupe ya LED ya wati 15, ileile inayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya umeme. Ivishe kofia inayoakisi mwanga, itundike sentimita 25 hadi 30 juu ya majani, na iwake kwa muda wa saa 12 kila siku. Kwa mwenye vyungu viwili vitatu sebuleni, taa zinazouzwa kwa jina la "kukuzia mimea" mara chache humpa mwanga mwingi zaidi kwa fedha ileile. Maelezo yanayofuata ni ya mwenye rafu nzima ya maua, mwenye mimea inayodai jua kali, au aliyeiona ile taa ya zambarau mtandaoni na tayari mkono unamwasha.

Pima kwanza

Afrika Mashariki haina msimu wa siku fupi. Nairobi mchana hukaa karibu saa 12 mwaka mzima, na Dar es Salaam huongezeka au kupungua kwa chini ya nusu saa. Kinachoyanyima maua mwanga ni majengo yenyewe: ghorofa lililobanwa na ghorofa jingine, dirisha lenye nondo, wavu wa mbu na pazia zito juu yake, varanda pana, korido ya ofisi. Anayeishi London ana shida nyingine, kwa kuwa mwishoni mwa Desemba mchana wake haufiki saa 8, na kwake taa ni ya miezi kadhaa hata kama chungu kiko dirishani.

Jicho ni shahidi mbaya katika jambo hili. Mboni hujipanua chumbani na kukuaminisha kwamba mwanga upo. Pakua programu ya kupima luksi, yaani kiasi cha mwanga unaofika mahali, laza simu pale jani lilipo huku kioo kikielekea mwanga unakotoka, soma saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri. Simu hazipimi sawasawa, lakini hapa unatafuta tofauti ya mara tano au kumi, na hiyo simu yoyote itaiona. Kwa kulinganisha, adhuhuri ya jua kali nje ni luksi 100,000 hivi, na sebule iliyowashwa taa usiku ni 100 hadi 300.

Zamiokulkasi, sansevieria na pothosi hukua vizuri kwenye luksi 2,000 hadi 4,000 kwa saa 12. Chini ya 500 hazifi upesi, ila hukaa miezi bila jani jipya. Saintpaulia, begonia, kangaga, monstera na filodendroni zinataka 5,000 hadi 10,000. Dungusi, alovera, mrehani na pilipili zianzie 15,000, na 30,000 si nyingi kwao. Ukikuta taa imeandikwa mikromoli (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mmea) badala ya luksi, kumbuka kwamba kwa LED nyeupe luksi 7,000 ni kama mikromoli 100 kwa mita ya mraba kwa sekunde.

Na kama kipimo cha dirishani tayari kinatosha, fedha yako ibaki mfukoni. Sogeza chungu, fungua pazia.

1. Balbu nyeupe ya LED na kofia

Soma lumeni, usisome wati. Wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka. Balbu ya wati 15 iwe na lumeni 1,300 au zaidi. Boksi lisilotaja lumeni lirudishe kwenye kaunta. Rangi ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini (K), iwe 4000K au 6500K. Ya 3000K nayo hukuza, na sebuleni inapendeza zaidi machoni, kwa hiyo usigombane na mwenye nyumba kwa ajili ya kelvini. Tafuta alama ya Ra80 au zaidi ili majani yaonekane kwa rangi yake halisi. Kabla ya kutoka nyumbani tazama holda yako ni ya pini au ya skrubu, maana zote mbili zinatumika Kenya na Tanzania.

Kofia ndiyo nusu ya kazi. Balbu uchi hutawanya mwanga kila upande: ya lumeni 1,400 ikiwa sentimita 30 juu ya jani, luksi 2,000 hazifiki. Ivishe kofia ya bati iliyopakwa rangi nyeupe ndani, na mahali palepale utapata 4,000 hadi 5,000, kwa duara la sentimita 40 hivi. Rangi nyeupe isiyong'aa hutawanya mwanga sawasawa kuliko foili iliyokunjamana. Kofia iwe na tundu juu ili joto litoke. Balbu ya LED iliyofungiwa ndani ya kioo kisichopumua hufa mapema, na kinachokufa ni saketi iliyo shingoni, kwa joto.

Umbali hauna huruma. Ukiinua balbu kutoka sentimita 30 hadi 60, mwanga unabaki robo, si nusu. Ndiyo maana taa ya darini, hata iwe kali namna gani, haikuzi ua lililo mezani. Pasipowezekana kushusha taa, tumia balbu za spoti zenye pembe ya mwanga ya nyuzi 38: zinakusanya mwanga, na ya wati 5 yenye lumeni 400 hutoa luksi 2,000 hivi ikiwa sentimita 60 juu ya chungu kimoja.

Kuna majaribio mawili. La kwanza ni la dukani. Washa balbu na uielekezee kamera ya simu: mistari myeusi inayotembea ni dalili ya saketi ya bei ya chini. Mmea haujali, macho yako yatajali. La pili ni la nyumbani. Kama mita yako imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani mikonyezo 1,000 kwa yuniti moja, zima kila kitu isipokuwa balbu hiyo. Ya wati 15 za kweli itafanya taa ya mita ikonyeze mara moja kila dakika nne. Ikikonyeza kila dakika saba au nane, ulichonunua ni wati 8 zenye stika ya 15.

2. Tyubu za LED kwa rafu

Mwenye vyungu kumi vilivyopangwa mstari asinunue balbu kumi. Tyubu ya LED ya sentimita 120, wati 18, hutoa lumeni 1,800 hivi. Funga mbili sambamba, sentimita 15 kati yao, chini ya ubao uliopakwa rangi nyeupe, na vilele vya mimea viwe sentimita 20 chini yake. Hapo unapata luksi 5,000 au 6,000 kwa urefu karibu wote wa rafu. Ncha huwa na kiza kidogo, weka sansevieria huko.

Mpango huu ndio unaoifaa saintpaulia kuliko wote. Ua hilo ni la hapahapa: Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892 kutoka Usambara, na mwaka uliofuata likapewa jina lake. Porini hukaa kwenye miamba chini ya kivuli cha msitu, kwa hiyo halihitaji mwanga mkali bali unaotulia, na giza la saa 8 au zaidi kila usiku. Chini ya tyubu hutoa maua hata mahali pasipo na dirisha kabisa.

Jihadhari na kufunga tyubu za LED kwenye fremu za zamani za taa za fluoresenti. Nyingi hutaka choki na stata, vifaa vya kuwashia tyubu za zamani, viondolewe, na nyingine hupokea umeme upande mmoja tu, waya zote mbili. Mchoro uko kwenye stika ya tyubu. Ukifungwa kinyume, fyuzi inaruka au tyubu inaungua siku ya kwanza. Njia salama ni kununua fremu iliyokuja na LED yake ndani. Kama ni lazima utumie ya zamani, mwite fundi wa umeme na umwonyeshe stika, usimwachie akisie.

3. Taa bapa za nje, fladilaiti

Hizi watu huzipita kwa sababu zimezoeleka ukutani na getini. Ya wati 30 yenye lumeni 2,700 ikiwa sentimita 30 juu ya majani hutoa luksi 9,000 hadi 10,000. Ya wati 50 ndiyo njia rahisi ya kufikia kiwango cha mrehani na pilipili bila kuagiza chochote. Alama ya IP65 inamaanisha maji ya kunyunyizia hayataiingia. Ubaya wake ni ukali: ukikaa sebuleni mwanga unakuchoma macho. Iweke varandani, jikoni au chumba cha nyuma, na isiwe chini ya sentimita 25 juu ya jani.

4. Balbu nyeupe zilizoandikwa ni za mimea

Zinafanya kazi. Ndani ni LED nyeupe, mara nyingine na punje chache nyekundu zilizoongezwa. Swali ni bei: linganisha lumeni au mikromoli na balbu ya namba 1, na ukikuta unalipa mara tatu kwa mwanga uleule, unajua la kufanya. Afadhali ya hizi ni zile za spoti zenye pembe finyu, kwa mti mmoja mrefu ulio kona ya chumba.

5. Paneli za wati 100 na kuendelea

Ni za mbegu na miche, nyanya za ndani, dungusi wengi pamoja. Nzuri hutoa mikromoli 2.5 kwa kila wati na huwa na kifundo cha kupunguza mwanga. Kwa pothosi mbili ni kupoteza fedha. Ukiletewa zawadi kutoka Marekani, soma stika ya saketi yake kwanza: iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi, iliyoandikwa 120V pekee italipuka kwenye soketi zetu.

6. Taa za zambarau za kubana mezani

Zina shingo inayopindika, vichwa viwili au vinne, na tangazo la "wati 80". Geuza waya wake utazame plagi. Kama ni ya USB, chaja ya volti 5 na ampea 2 haiwezi kutoa zaidi ya wati 10, vichwa viwe vinne au kumi. Hesabu hiyo haina ubishi. Zigawe wati 10 kwa vichwa vinne, kila mmea unapata wati 2.5.

Hoja ya wauzaji ni kwamba klorofili hunyonya nyekundu na buluu, basi rangi nyingine ni hasara. Lakini mwaka 1972 mtafiti Keith McCree alipima mazao ya aina 22 na kuonyesha kwamba majani hutumia kijani pia kwa usanisinuru, pungufu kidogo tu. Mwanga mweupe una zote. Kuna na kero ya kila siku: chini ya zambarau kila jani ni jeusi, na huoni linapoanza kupata manjano wala utitiri unapoingia. Tayari unayo? Itumie kwa chungu kimoja kidogo, sentimita 10 hadi 15 juu yake. Usiinunue upya.

Za kuacha kabisa

Balbu za zamani za waya unaowaka ndani huchoma majani kwa joto kabla hazijayashibisha kwa mwanga. Zile za kujiviringisha za kubana umeme zina zebaki, na chini ya Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, taa za fluoresenti zinaondolewa sokoni, za mwisho ifikapo 2027. Mikanda ya LED ya rangi nyingi ni mapambo.

Umeme, taima na gharama

Zidisha wati kwa saa kwa siku 30, gawanya kwa 1,000. Balbu ya wati 15 kwa saa 12 ni yuniti 5.4 kwa mwezi, tyubu mbili karibu 13, fladilaiti ya wati 50 ni 18. Bei ya yuniti iko kwenye risiti yako ya LUKU au tokeni.

Taima ni lazima, kwa sababu mtu husahau. Ile ya kuzungusha yenye vipini vya dakika 15 ni nafuu, lakini umeme ukikatika kwa saa tatu nayo inasimama kwa saa tatu, na baada ya wiki mbili za mgao taa itakuwa inawaka usiku wa manane. Penye katakata chukua ya kidijitali yenye betri ndani. Gadi ya volti kama ile ya friji huokoa saketi za LED umeme unaporudi kwa kishindo. Waya ushuke chini ya soketi kisha upande kuiingia, ili tone la maji ya kumwagilia liangukie sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Mmea utakueleza

Shina likirefuka, majani yakawa madogo yenye nafasi kubwa kati yake, mwanga ni haba: shusha taa sentimita 5, subiri wiki mbili, tazama majani mapya tu, kwa sababu ya zamani hayatarudi nyuma. Majani yakipauka, yakajikunja, au saintpaulia ikajibana katikati na vikonyo vifupi, inua taa sentimita 10 au punguza saa hadi 10. Kuwasha saa 24 si dawa ya mwanga haba.

Mmea uliopewa taa hunywa zaidi, na udongo uliokuwa ukikauka kwa wiki mbili unaweza kukauka kwa moja. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili kabla ya kumwagilia. Anza na mbolea nusu ya kipimo kilichoandikwa. Vumbi la kiangazi nalo hula mwanga pande zote mbili, hivyo futa majani na balbu kwa kitambaa kibichi kila mwezi, taa ikiwa imezimwa na imepoa, kisha pima luksi tena palepale. Ikiwa zimeshuka chini ya asilimia 70 ya kipimo cha siku ya kwanza, badilisha balbu hata kama bado inawaka.