Nimehamisha TFSA yangu (akaunti ya Kanada ya kuweka akiba na kuwekeza bila kodi) toka benki kwenda app, mwaka sasa

Jamani benki niliyokuwa nayo hapa Toronto walikuwa wananikata dola 9.95 kila nikinunua hisa, na mimi ni mnunuzi wa mia mia mshahara ukiingia, yaani kwa dola 100 karibu 10 imeshaliwa kabla hata sijaanza. Nikahamia app isiyokata komisheni. Kuondoka tu wakanila 150 za kwaheri, halafu hela ikakaa njiani wiki 3 nikawa nalala na simu mkononi.

Ila sasa hivi raha. Nina hisa 30 za Enbridge, kampuni ya mabomba ya mafuta na gesi ya huku, gawio kila miezi mitatu, Desemba mosi nikafungua simu kwenye basi nikakuta dola 28 na senti zake nikacheka peke yangu kama chizi, kwa bei za nyama za huku haifiki mbali lakini imekuja nimelala, na kwa vile iko ndani ya TFSA kodi ya Kanada haigusi.

Kilichoniudhi, hawakunambia mapema kwamba gawio la hisa za Marekani linakatwa kodi ya asilimia 15 hukohuko hata kama ziko ndani ya TFSA, nimekuja kuliona kwenye steitimenti. Ukiuliza unachati na roboti, anakuitikia vizuuri halafu hajibu kitu.

(Ile kampuni ya simu niliyoinunua kwa tamaa ya gawio nono wakalikata, hiyo ni yangu, app siilaumu.)

Nyota 4. Ya tano nimemnyima roboti.