Kifaa cha OBD2 cha shilingi 30,000 kilivyomaliza ubishi kuhusu Vitz yangu inayochemsha

Nakipa nyota nne kati ya tano. Nazungumzia kile kidude kidogo cha OBD2 (mfumo wa kusoma taarifa za kompyuta ya gari) cha Bluetooth kinachouzwa Kariakoo, Dar, kwa jina la ELM327. Unakichomeka kwenye soketi yenye pini 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva, unakiunganisha na simu, na programu (mimi natumia Torque) inakusomea joto la maji ya injini kama kompyuta ya gari inavyolisoma.

Gari langu ni Vitz ya 2008, ile ya injini ya 1KR, silinda tatu, cc 996. Wenye gari hizi mnajua kwamba hazina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu injini ikiwa ya baridi, na nyekundu mambo yakishaharibika. Hapo katikati huambiwi chochote. Hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, ni ya aluminiamu, ikizidiwa na joto inapinda, gasketi inayoziba kati yake na bloku inaachia, na tatizo dogo linageuka kuwa kufungua injini.

Langu lilikuwa linachemsha jioni kwenye foleni ya Kimara. Fundi wa kwanza akasema hedi gasketi imeungua, tushushe hedi. Wa pili akasema dawa yake ni kutoa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ili maji yapite moja kwa moja. Hakuna aliyepima kitu. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu watu wengi mjini hapa wanafunguliwa injini kwa kukisia, na wanalipa.

Nikafunga kifaa. Asubuhi kabla ya kuwasha kilisoma nyuzi 28, sawa na hali ya hewa, kwa hiyo nikajua sensa haidanganyi. Baada ya kuwasha joto likapanda polepole, likatulia kidogo kwenye 82 na ushee, ndipo themostati za Toyota nyingi zinapoanza kufunguka, na bomba la juu la rejeta likapata moto. Barabarani, mwendo wa 80, likakaa kati ya 86 na 88 bila kuyumba. Foleni ilipokaza: 94, 97, 101, 103. Magari yakisogea, linashuka lenyewe.

Mtiririko huo wa namba unasema mengi kuliko maneno ya mafundi wote wawili. Gari likienda, upepo unapita kwenye rejeta na joto linashuka. Maana yake rejeta haijaziba na pampu inasukuma maji. Linapanda likisimama tu, basi kinachokosekana ni feni. Lingepanda mlimani na kwenye mwendo kasi, ningeshuku rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama nusu, au pampu. Na gasketi ina dalili zake: maji yanapungua bila kuvuja popote, mapovu yanatoka kwenye rejeta hata injini ikiwa bado baridi, oili inakuwa kama chai ya maziwa. Kuna hata dawa ya maji ya bluu inayopimiwa mdomoni mwa rejeta, ikikutana na gesi ya moshi inageuka njano. Kwangu oili ilikuwa safi na maji hayakupungua.

Nikaenda kwa fundi umeme na grafu mkononi. Huyu kijana namsifu kwa moyo wote: aliangalia namba kwanza, akachomoa soketi ya feni, akaiunganisha moja kwa moja na betri. Kimya. Akaigonga kwa mpini wa spana, ikazunguka kidogo, ikafa. Kaboni za mota, zinazopeleka umeme ndani yake, zilikuwa zimeisha. Tukafunga mota iliyotumika kutoka Ilala, na hedi haikuguswa. Sasa kwenye foleni joto linafika 96, feni inaingia, linarudi 91, inazima.

Kuhusu kutoa themostati, jamani, tuache. Injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama vile gari ndiyo kwanza limewashwa, na tatizo halisi linabaki palepale.

Tukiwa hapo nilibadilisha pia kifuniko cha rejeta na kuweka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) badala ya maji ya kisima, ambayo Dar mara nyingi yana chumvi na yanakula rejeta kwa ndani. Kifuniko watu wanakidharau, lakini ndicho kinachobana presha ili maji yasichemke mapema. Iringa, kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, maji ya kawaida yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kikilegea, hata gari lisilo na tatizo lingine linaweza kutapika maji huko. Nilipanda mlima Kitonga, njia ya kwenda Iringa, nikiwa na abiria na mizigo, halikuvuka 99.

Nyota iliyopungua ina sababu. Kwanza, kifaa kinasoma sensa tu. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa na namba inaweza kushuka wakati injini inaungua, kwa hiyo kukagua maji kila asubuhi, injini ikiwa baridi, kuko palepale. Pili, nakala za bei nafuu hazifanani ubora, na magari mengi ya Japani ya kabla ya katikati ya miaka ya 2000 yanagoma kuongea nazo. Tatu, ukikiacha kimechomekwa gari likilala siku nyingi, kinanyonya betri. Wenye iPhone watafute cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE, hiki cha kawaida hakitaunganika.

Ukienda kununua, nenda na gari lako, mwambie muuzaji akichomeke hapohapo, na usilipe mpaka uone namba ya joto inapanda kwenye simu yako. Kisha weka mlio wa tahadhari kwenye 102.