Mafunzo ya dharura za dawa za kusinziisha: mtungi mtupu, na mama mmoja aliyeokoa jahazi

Nimejizuia kuandika haya muda mrefu, ila hasira imegoma kupoa. Mafunzo haya ya timu za meno yalifanyika hapa Tabora mjini miezi kadhaa iliyopita, na tulijilipia wenyewe. Hakuna posho, hakuna mfadhili. Wenzetu wa Nzega na Sikonge walikuja kwa nauli zao. Na tangazo lilisema ni mafunzo kwa vitendo. Vitendo!

Zamu yetu ilikuwa ya mgonjwa anayekata pumzi. Umempa mtoto midazolamu, dawa ya kusinziisha, ili ang'olewe gego, mara kile kibanio cha kidoleni kinaanza kulia, oksijeni kwenye damu imeshuka chini ya asilimia 90. Nikajitolea. Nikalaza kiti, nikainua kidevu cha mdoli, nikaomba oksijeni. Dada niliyepangwa naye akafungua mtungi. Kimya. Mshale wa geji umelala kwenye sifuri.

"Daktari, mtungi hauna kitu."

Mkufunzi hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Chukulia umejaa, endelea."

Chukulia umejaa! Geji ya oksijeni hukaguliwa kabla mgonjwa hajakaa kitini, na huyu analipwa kutufundisha hilo hilo. Nilipomng'ang'ania akanijibu mbele ya watu kwamba sisi wauguzi tunapenda kuuliza uliza, mambo mengine tuwaachie madaktari. Haya. Daktari macho yako kwenye jino, mimi ndiye niliyesimama kichwani kwa mgonjwa. Midomo ikianza kugeuka bluu, nani ataiona kwanza?

Asubuhi iliyobaki ilikuwa slaidi tupu. Chai sitawasingizia, chapati zilikuwa za moto na asali yetu ilikuwepo.

Ningeondoka saa hiyo ningewaambia msikanyage. Lakini mchana akaletwa nesi wa usingizi, mama wa makamo, mpole, asiyetaka mchezo. Slaidi hakuzigusa. Kila mtu akapewa kazi, mpaka binti wa mapokezi: "Wewe mwanangu, simu na saa ni vyako. Taja dakika kwa sauti." Mmoja kichwani, mmoja kwenye dawa. Akanishika mkono akanipanga vidole, gumba na cha shahada juu ya barakoa, vitatu vilivyobaki chini ya taya. "Usiikandamize barakoa usoni. Vuta taya ije kwenye barakoa. Kifua kikiinuka, inatosha, usijaze tumbo upepo." Pumzi kwanza, sindano baadaye.

Na akagusia jambo ambalo slaidi zililiruka. Flumazenili, dawa ya kuzima nguvu ya midazolamu, ikishamwamsha mgonjwa, usimruhusu kwenda nyumbani haraka, maana inaweza kuisha nguvu kabla ya midazolamu yenyewe. Usingizi unamrudia akiwa nyuma ya bodaboda. Hapo ukumbi wote ulinyamaza. Wagonjwa wetu wengi wanaondoka kwa bodaboda.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mama yule, tano. Waandaaji, sifuri. Haya, moja, kwa kumleta yeye. Lakini nikikumbuka kwamba naye alifundishia mtungi ule ule mtupu, akauliza nani kauleta na hakuna aliyemjibu, hata hiyo moja naona naitoa kwa huruma.

Wakirudi huenda nikaenda tena. Ila kabla sijatuma pesa nitauliza kama mama yule atakuwepo, na mtungi umejazwa lini. Na cheti wakirekebishe, jina langu wamelikosea.