Muuguzi hakuuliza nani katangulia: uzoefu wangu na kliniki ya dharura ya wanyama

Nilifika saa tatu usiku na paka wangu dume ndani ya kikapu, nikiamini kabisa kwamba amefunga choo. Tangu asubuhi alikuwa akiingia kwenye trei ya mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka bila kitu. Waliotutangulia walikuwa watatu, mmoja kampakata mbwa aliyeng'oka ukucha, damu imetapakaa mpaka sakafuni. Nikajua tutakesha.

Muuguzi alimpitia kila mnyama. Alitazama kwanza kifua kinavyopanda na kushuka, kisha akafunua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole na kungoja rangi irudi. Ikichukua zaidi ya sekunde 2, alinieleza baadaye, huenda damu haizunguki inavyopaswa. Ukucha aliufunga bandeji akaikaza, akamwomba mwenye mbwa asubiri. Kwangu aliuliza swali moja tu: “Mara ya mwisho kuona mkojo wake ni lini?” Sikuwa na jibu. Akampapasa tumbo, akabeba kikapu chote akaingia nacho ndani.

Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Mrija wa paka dume ni mwembamba sana, na mkojo ukikosa pa kutokea, uchafu ambao figo zingeutoa hubaki kwenye damu. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, nayo hupanda, na hiyo ndiyo huvuruga mapigo ya moyo na hata kuusimamisha. Ndiyo maana walianza na dripu na kipimo cha moyo kabla ya kumlaza kwa dawa ya usingizi na kumpitishia mpira wa mkojo. Moyo wake ulikuwa ukipiga mara 110 kwa dakika. Mimi ningesema ametulia. Kumbe paka aliyeshikwashikwa na watu asiowajua hutarajiwa kuvuka 160. Huo utulivu ndio uliowatisha.

Wakati nangoja, aliletwa mbwa mkubwa, tumbo limevimba, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Huyo hakusimamishwa hata mapokezi. Ni dalili za tumbo lililojaa gesi na pengine kujipinda, na mbwa wa namna hiyo hana muda wa kupoteza. Waliobaki kwenye viti hawakusahauliwa pia: muuguzi alirudi mara mbili kuwapima upya, maana aliyekuwa salama saa tatu anaweza kuwa taabani saa nne.

Lawama yangu ni moja na ni nzito. Mlango ulipofungwa nyuma ya paka wangu, karibu saa nzima hakuna aliyekuja kuniambia kama yu hai. Na mwenye mbwa wa ukucha alinung'unika kwamba nimependelewa, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa nini anapitwa. Sentensi mbili tu kutoka mapokezi zingetutuliza sote.

Paka alilazwa siku 3, sasa anakojoa vizuri. Ningerudi palepale. Ukiwa na paka dume anayejikamua, usiseme “choo kigumu” kama nilivyosema mimi. Piga simu ukiwa njiani, taja kwamba ni dume na kwamba hujaona mkojo tangu saa fulani. Na kama mnyama wako anahema mdomo wazi, ufizi umepauka au hawezi kusimama, usikae kungoja kuitwa. Mwite muuguzi.