Chaja za betri za tochi: ipi ununue, na uchaji kwa kasi gani

Juzi mjomba mmoja wa Mikindani, mvuvi wa dagaa, alikuja kibandani kwangu na betri nne za tochi ya kichwa. "Mwanangu, nataka chaja inayojaza haraka. Nikirudi alfajiri nachomeka, jioni natoka nazo."

Nikamuuliza: kati ya alfajiri na jioni si kuna saa kumi na mbili, mjomba? Haraka ya nini? Akacheka, lakini hakukata tamaa, maana kila boksi la chaja sokoni limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba linajaza haraka.

Basi nianze na kasi, kwa sababu ndiyo inayoamua ununue chaja gani. Ninazozungumzia ni zile betri za lithiamu za duara za 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Uwezo wake umeandikwa kwa mAh, yaani miliampea-saa. Chukua namba hiyo, gawa kwa mbili, na usivuke hapo. Betri ya 2600 isipite miliampea 1300, yaani ampea 1.3, ukiipa 1 itajaa kwa saa tatu na kitu. Betri nyingi za kampuni zinazoeleweka zinastahimili zaidi ya hapo, ila sisi tuna joto letu. Watengenezaji wengi wanasema usichaji betri ikifika nyuzi 45. Chumba cha bati pale Shangani, mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana, kimeshapita nyuzi 30 kabla hujachomeka kitu. Betri yenyewe ikichajiwa kwa nguvu inaongeza joto lake juu ya hilo, na joto linaizeesha.

Kuna na jambo la ndani. Upande wa hasi wa betri umepakwa kinywe, madini yale yale tunayoyasikia Ruangwa. Kinywe kimekaa tabaka tabaka kama kurasa za daftari, na wakati wa kuchaji lithiamu inapenya katikati ya kurasa hizo. Ukiisukuma kwa pupa inakosa pa kupenya, inaganda juu ya jalada kama utando wa chuma. Sehemu kubwa ya ile iliyoganda hairudi tena kazini, ndiyo maana betri iliyokuwa inakesha sasa inazima saa nne usiku. Mbaya zaidi inaota miiba, na mwiba ukitoboa ngozi nyembamba inayotenganisha chanya na hasi, moto unawaka.

Sasa kugawa kwa mbili kuna tatizo: namba ya kwenye ganda. Betri za 18650 zinazosema kweli mara nyingi ziko kati ya 2000 na 3500. Za mjomba ziliandikwa 9900. Nilichukua moja iliyokwisha kabisa nikaiweka kwenye chaja yangu yenye kioo, tukanywa chai, tukazungumza habari za korosho, na haikuchukua muda chaja ikasema imejaa. Kioo kinasoma mAh 640 tu zilizoingia. Nikampa aishike mkono mmoja, na mkono wa pili nikampa betri niliyoitoa kwenye laptop mbovu. Nzima huwa na gramu 45 hivi. "Hii yangu imejaa upepo," akasema.

Ona hesabu inavyogeuka. Kwa maandishi ya ganda ungesema betri hii iwekewe karibu ampea 5. Kwa ukweli wake hata ampea 1 inaiunguza. Kwa hiyo betri usiyoijua ianzie ampea 0.5, au 0.25 kama chaja inayo, kisha ishike baada ya dakika ishirini. Vuguvugu, iache. Ikiwa moto, itoe.

Chaja yenyewe, nikianza na ninayoipenda.

Ya kwanza ni ile yenye kioo na kitufe cha kuchagua mkondo: 0.25, 0.5, 1, wakati mwingine 2, kila tundu peke yake. Inakuonyesha volti na mAh zilizoingia, kwa hiyo ni chaja na ni mpelelezi wa betri feki. Nyingi pia zinakubali betri za volti 3.2, zile za baadhi ya taa za sola. Hizo zinakomea volti 3.65, ukiziweka kwenye chaja inayokomea volti 4.2, kikomo cha hizi za tochi, unaziua. Soma ganda kabla ya kuweka. Ni ghali, na fundi au mwenye betri nyingi ndiye itakayemlipa.

Ya pili ni ndogo ya USB, tundu moja au mawili, yenye mkondo mmoja wa 0.5 au 1. Chukua ya 0.5. Muuzaji atakuambia ni ya kizamani. Mwache aseme. Kwa mtu wa tochi moja au mbili, au mlinzi wa korosho shambani, inatosha kabisa na inakubali sola. Ukiinunua, mwombe mwenye duka mita, muipime betri ikishajaa: volti 4.2 ni sawa, 4.25 nairudisha.

Ya tatu ni kile kikadi cha TP4056, kibao kidogo cha saketi ya kuchaji, ambacho fundi anakuungia kwenye kibebeo cha betri. Ni rahisi na kinakata chenyewe: taa nyekundu kikichaji, bluu kikimaliza. Ila kinatoka kiwandani kikiwa kimewekwa ampea 1. Mwambie fundi atoe rezista ya kiloomu 1.2 aweke ya 2, mkondo utashuka mpaka kama 0.58. Ukigeuza betri, chanya mahali pa hasi, kadi inaungua hapo hapo. Nimeunguza tatu.

Ya nne, tundu la chaji lililo kwenye tochi yenyewe. Tochi nzuri sina neno. Za bei ya chini sizipendi, maana hujui ndani kuna nini.

Ya mwisho ni ile nyepesi inayochomekwa moja kwa moja ukutani, yenye taa inayobadilika rangi. Nilikuwa nayo. Asubuhi moja nikapima betri iliyolala humo: 4.34, na taa tayari kijani. Kijani chake hakikuwa kimekata kitu. Usinunue hata ukipewa na tochi kama zawadi, na kama unayo usiiache ikichaji umelala. Tena kuchaji juu ya godoro, chaja yoyote ile, acha. Weka sakafuni kwenye saruji.

Simu sizihesabu hapa, maana simu inajipimia yenyewe: kichwa cha wati 65 hakiisukumi simu ya wati 15, kitaipa inachoomba tu.

Mjomba alichukua ya pili, kwa sababu sola yake ina tundu la USB tu. Zile za 9900 aliniachia zote nne, akanunua mbili za 2600.