Teksi ya Kange: dereva anayejua kupita kwenye maji

Nauza khanga Ngamiani, hapa Tanga, na kila masika naweka viroba vya mchanga mlangoni. Mvua yenyewe haijawahi kuniingilia dukani. Kinachoniingilia ni wimbi la gari. Maji yakituama barabarani huishia chini ya kizingiti yakatulia. Halafu anapita mtu na mwendo wake, wimbi linaruka viroba na kulowesha rafu ya chini. Masika ya 2024 gari moja tu lilinitia hasara ya doti 14. Nyekundu ilichuja ikaingia kwenye nyeupe, na dereva hakugeuka hata kutazama.

Ndiyo maana siku za mvua sianzi kumpima dereva wa teksi kwa usafi wa viti. Natazama maji anayoyaacha nyuma yake.

Jumatano iliyopita nilishuka stendi ya Kange na basi la jioni kutoka Dar, nina mabunda mawili ya mzigo, na mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Kijana mmoja mwenye Toyota IST ya rangi ya fedha akanipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipeleke Ngamiani, Barabara ya 12."

Akanitajia shilingi 12,000, kisha akasema, "Ila mama, nikifika mahali nikasema hapa hatupiti, usinikasirikie."

Na kweli alikataa. Njia ya mkato niliyomwonyesha ilikuwa na maji yanayokimbia, yanakatiza barabara kuelekea mtaroni. Mimi niliyaona machache. Yeye akasema gari dogo kama lake, maji ya sentimita 30 tu yanatosha kuanza kulinyanyua, na tairi zikishaacha lami usukani hauna kazi tena. Isitoshe, maji yale yalikuwa ya udongo mtupu. Huoni ukingo wa mtaro uko wapi. Tukazunguka, na hakuniongezea hata shilingi.

Kwenye dimbwi kubwa karibu na mtaani kwetu maji yalikuwa yametulia. Hapo alisimama. Alimwuliza kijana wa mkokoteni aliyekuwa ametoka upande wa pili yamemfika wapi. Yule akaonyesha chini kidogo ya nusu ya muundi. Upande wa pili palikuwa na gari jingine linataka kuingia, naye akaliwashia taa lipite kwanza, kwa sababu magari mawili yakipishana majini mawimbi yao hugongana na kupanda hadi kwenye injini. Bajaji nyuma yetu ilipiga honi mpaka ikachoka. Hakutetereka.

Zamu yetu ilipofika aliweka gia kwenye L, ile ya mwendo mdogo, akakanyaga mafuta kidogo kwa mguu usiopanda wala kushuka, akapita katikati ya barabara ambako lami imeinuka. Tulikwenda kama mtu anayetembea. Kulikuwa na mama amebeba ndoo ya vitumbua na watoto wawili wa shule wamejibana ukutani, wamezoea kuogeshwa, wakajikinga nyuso. Hawakupata hata tone. Yule mama alimpungia mkono, na mimi niliyekaa nyuma moyo ulinijaa.

Tulipotoka majini aligusa breki mara kadhaa, taratibu, ili zikauke kabla hajazihitaji. Nikamsimulia juu ya pikapu niliyoikodi zamani ikazimika katikati ya maji, na dereva wake akakazana kuwasha, kuwasha, mpaka ikalia "ko" na kunyamaza moja kwa moja. Akasikitika. Injini ikishakunywa maji, alisema, usiiwashe, isukumwe tu mpaka kwa fundi. Hewa hubanwa ndani ya silinda lakini maji hayabanwi, kwa hiyo pistoni inapopanda ikiyakuta, mkono wake unapinda. Miaka yote hiyo hakuna aliyenieleza kilichoiua pikapu ile.

Nina lalamiko moja, na nililimwambia usoni. Raba za waipa zake zimekwisha, kioo cha mbele kinabaki na michirizi, na ndani kulikuwa na ukungu aliokuwa akiufuta kwa kitambaa. Dereva mwangalifu namna hii anastahili kuona vizuri, hasa jioni, na abiria wake wanastahili aone. Alisema atabadilisha mwisho wa wiki.

Tulipofika dukani alizima injini mbali kidogo na mlango, akashusha mabunda mwenyewe na kuyapandisha juu ya meza bila kuulizwa. Viroba vyangu upande wa ndani vilikuwa vikavu.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaiongeza nikipanda tena nikakuta waipa mpya.