TAHADHARI: Moteri za "saa sifuri" za Cessna 310 zinazouzwa hapa Lubumbashi

Wandugu wa Luano (uwanja wa ndege wa Lubumbashi), Kolwezi, Kalemie, na kila mwenye ndege ya pistoni ya moteri mbili: kuna komisionere (dalali) anazunguka Lubumbashi tangu kiangazi na moteri mbili za Continental IO-470. Anasema ni za Cessna 310, zimetoka Afrika Kusini, ziko "saa sifuri", yaani zinahesabiwa kama mpya zisizofanya kazi hata saa moja, dola 22,000 kwa zote mbili. Msimpe pesa. Hata avansi msimpe.

Jina lake siandiki, maana analibadilisha kila akibadilisha namba ya simu. Mtamjua kwa mwendo wake. Kwanza anatuma picha za moteri zenye rangi ya dhahabu inayong'aa, halafu picha ya karatasi yenye mihuri, halafu anakuambia kuna Mzambia wa Ndola ameshalipa nusu, ila yeye kama Mkongomani anapenda mali ibaki nyumbani. Anataka asilimia 30 leo, kabla ya saa kumi. Kila siku ni leo, na kila siku ni kabla ya saa kumi.

Tuanzie kwenye bei, kwa sababu ndiyo inayovuta watu. Revizio kubwa, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya, ya moteri moja ya aina hii, kwenye karakana inayoeleweka, inapita dola 30,000 bila shida, na hapo hujaweka usafiri wala duane (forodha). Mtu anayekuuzia mbili kwa 22,000 amezipata wapi na kwa nini?

Halafu hiyo saa sifuri. Kwa sheria za Marekani, zinakotengenezwa moteri hizi, kiwanda chenyewe, au karakana iliyopewa ruhusa na kiwanda, ndicho kinachoweza kuirudisha moteri kwenye sifuri na kuifungulia kitabu kipya kisicho na historia. Karakana nyingine yoyote, hata iwe na mafundi hodari namna gani, ikifanya revizio kubwa inaanza kuhesabu upya saa tangu revizio tu. Jumla ya saa tangu moteri izaliwe inabaki kitabuni, na kitabu cha zamani kinafuatana na moteri. Huyu bwana anasema kazi ilifanywa na karakana ndogo ya mtu binafsi, na papo hapo anasema moteri ni sifuri na kitabu cha zamani hakihitajiki. Hayo mawili hayakai nyumba moja.

Nilienda kuziona. Yaya mmoja (kaka yetu mkubwa) anayefufua 310 ya miaka ya 1960 aliniita nikaangalie kabla hajatoa kitu, na mzigo ulikuwa kwenye depo moja upande wa Ruashi. Rangi ilikuwa imepita juu ya kila kitu: waya za plagi, mipira ya mafuta, mpaka vichwa vya skrubu za kibao cha namba. Fundi anayejiheshimu anapaka kesi, yaani mwili wa moteri, kwanza, vitu hivyo anavifunga baadaye. Moteri ya pili ilikuwa na kibao kipya kwenye kesi iliyozeeka, na skrubu zake zina makovu ya kufunguliwa. Kibao hakihami chenyewe.

Karatasi aliyoileta ni fotokopi ya Form 8130-3, ile ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA. Wengi wakiona mihuri wanatosheka. Msitosheke. Someni kisanduku cha 11, ndicho kinachosema kazi gani ilifanyika. Hapo iliandikwa kwamba moteri imekaguliwa. Kukagua si revizio; mtu anaweza kukagua kitu kibovu na kukiandikia karatasi safi kwamba amekikagua. Na namba ya moteri kwenye karatasi ilitofautiana na ya kibao kwa tarakimu moja. Nilipomwonyesha komisionere akasema ni kosa la sekretari.

Nilikuwa na komparateri mfukoni, kile kipimo cha sindano kinachoonyesha kama kitu kimepinda. Nikaiegemeza kwenye flanji inapofungwa elisi (mapanga yanayovuta ndege), nikazungusha moteri kwa mkono taratibu, na sindano ikacheza zaidi ya kawaida. Flanji inayocheza hivyo inakupa sababu ya kuuliza kama elisi iliwahi kugonga kitu. Akakataa kabisa. Lakini chini ya moteri kulikuwa na filta ya zamani ya mafuta, na ubavuni mwake mtu aliandika kwa kalamu nene usajili wa ndege, unaoanza na N kama za Marekani. Wapaka rangi walisahau kugeuza filta. Rejista ya FAA iko wazi kwenye intaneti, bure, na ripoti za NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, pia ziko wazi. Jioni ile ile tukapata: ndege yenye usajili huo ilitua kwa tumbo, na elisi zote mbili zikala lami.

Elisi ikigonga moteri ikiwa inazunguka, Continental wanataka moteri ifunguliwe yote na vilebreke (mhimili mkuu unaozunguka ndani) ipimwe kwa sumaku kutafuta nyufa. Ufa wa namna hiyo hauonyeshwi na rangi wala harufu. Moteri itawaka, itanguruma vizuri, na shinikizo la mafuta litakaa kwenye kijani. Ndivyo alivyowashia wateja wengine ikiwa imefungwa kwenye fremu ya chuma, tena kwa petroli ya stesheni, wakati IO-470 za 310 zinataka mafuta ya ndege ya oktani 100. Hiyo peke yake inaweza kuharibu pistoni, ila yeye si wa kuhangaika na pistoni.

Kuna wanaosema ndege ina moteri mbili, moja ikifa si nyingine iko? Luano iko kama mita 1,300 juu ya bahari. Oktoba, joto limepanda, 310 imejaa watu na mafuta, moteri moja ikafa baada tu ya kuinua magurudumu: wenye leseni wanajua kinachobaki cha kupanda ni kidogo sana, na wakati mwingine hakipo.

Nasikia watu wawili wameshalipa avansi. Kwao ikaja sehemu ya pili. Mtu anapiga simu, anajiita wa duane Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anasema mzigo umekwama, inatakiwa pesa ya kuutoa, itumwe kwa M-Pesa. Jamani, moteri niliziona Ruashi! Zimekwama Kasumbalesa namna gani? Kama umepigiwa simu hiyo, usitume hata franga moja. Tunza meseji zote, risiti na namba zote, peleka polisi na kwa mwanasheria, na uwaarifu AAC, mamlaka ya anga ya Kongo, kwamba kuna moteri yenye kibao kilichohamishwa inatafuta ndege ya kuingia.

Anayetaka bado kununua kwa mtu yeyote, aombe picha ya kibao iliyopigwa leo na gazeti la leo pembeni, kitabu chote cha moteri tangu ukurasa wa kwanza, na jina la karakana ili aipigie mwenyewe, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, siyo ile ya kwenye karatasi. Muuzaji wa kweli hakasiriki. Huyu wetu alikasirika tulipofika kwenye swali la karakana.

Yaya hakununua. Tangu juma lililopita jamaa ameanza kutangaza elisi mbili za McCauley, "zimetoka kwenye ndege hiyo hiyo, hazijaguswa". Ncha zake kwenye picha zimekatwa kwa msumeno na kupakwa rangi nyekundu.